Nukta ya Seremala

Haya ni ya kweli tupu. Nikiongopa, penseli hii inivunjikie mkononi. Na asitokee mtu wa kusema imeshavunjika. Hiyo ni ile nyingine.

Nilikuwa seremala miaka arobaini na moja. Nilipostaafu nikakaa nyumbani wiki mbili, nikatengeneza kila kiti kilichokuwa kizima, hadi mke wangu akaificha nyundo. Ndipo mjukuu wetu, anayesoma Kijapani chuoni, akasahau daftari lake mezani. Nikalifungua, nikakutana na kanji, yaani zile herufi zao ambazo kila moja hubeba maana yake. Ya kwanza ilikuwa 木, mti. Mti kweli, una shina na matawi! Nikasema, kumbe hawa watu wanaandika kiseremala.

"Watoto wa huko wanajifunza themanini darasa la kwanza," mjukuu akaniambia alipolirudia daftari lake.

"Themanini tu? Nipe wiki tatu."

"Mume wangu, wewe hata miwani yako huioni ikiwa usoni," mke wangu akadakia kutoka jikoni.

Kisha akamwambia mjukuu: "Akizipata zote themanini, nitamwita Profesa mbele za watu mwezi mzima. Ikipungua hata moja, mwezi mzima vyombo ataosha yeye."

"Anza kuuzoeza mdomo," nikamjibu.

Nikajifundisha. Kila herufi ina utaratibu wake, mara nyingi mstari wa kulala kabla ya ule wa kusimama, na mkono wangu ukauelewa kabla yangu. Niliandika "maji" mpaka karatasi ikalowa. Niliandika "moto" ikabidi tufungue madirisha. Mtu aliyeegemea mti, 休, ni kupumzika. Hiyo niliiandika nikasinzia juu yake saa nzima. Zilizonitesa ni "kulia" na "kushoto", zinafanana kama pacha. Siku nne nilikuwa nikienda bafuni najikuta stoo.

Mjukuu akaniombea kwa mwalimu wake nifanye mtihani wa wanaoanza, wa herufi hizo hizo themanini. Jumamosi asubuhi nikaketi kati ya vijana ishirini, wote wadogo kuliko randa yangu. Nilipofika kwenye "kubwa", 大, mtu aliyetanua mikono na miguu, ilitoka imenyooka hivi kwamba nilitamani kuifungia bawaba.

Majibu tulipewa hapo hapo. Nikakunja karatasi yangu, nikaitia mfuko wa ndani wa koti, nikaenda nyumbani kifua mbele.

"Themanini kwa themanini!" nikatangaza mezani. "Mwalimu alisimama. Darasa zima makofi. Kijana mmoja alilia."

"Haya, Profesa," mke wangu akasema, akanipakulia mara mbili.

Sijamaliza hata kutafuna, mjukuu akaingia. "Babu, hongera! Mwalimu anasema hajawahi kuona mtu aliyejifundisha mwenyewe akapata sabini na tisa."

Kijiko cha mke wangu kikasimama hewani. "Ngapi?"

Mjukuu akanitazama, akalitazama koti, akaingiza mkono bila hodi. Karatasi ikakunjuliwa mezani.

Sikilizeni basi. Kazini, ubao ulionyooka kuliko wenzake nilikuwa nautia nukta ya penseli juu, upande wa kulia, nijue huo ndio utakaokaa mbele. Miaka arobaini na moja. Mkono ulipoiona "kubwa" yangu ilivyonyooka, ukaipa nukta yake bila kuniuliza. Na "kubwa" yenye nukta juu kulia ni 犬.

"Ni nini hiyo?" mke wangu akauliza.

"Mbwa, Bibi," mjukuu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Babu ameipenda mpaka ameifanya mbwa."

"Lakini mbwa mwenyewe kanyooka!" nikasema.

"Jikoni," mke wangu akasema.

Nikakunja mikono ya shati. Nilianza na sufuria iliyoshika chini, ile ambayo nina hakika aliiunguza makusudi. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akizungumza na dada yake kwa simu.

"Mume wangu huyu huyu! Kijapani, ndiyo. Kajifundisha mwenyewe hapa mezani. Kapata themanini zote, mwalimu alisimama!"

"Sabini na tisa!" nikapaza sauti.

"Wewe nyamaza, osha vyombo!" akanirudishia, kisha akaendelea na simu: "Na kijana mmoja alilia, dada. Nakwambia alilia."