Yai Lenye Nyota

Saa moja asubuhi Mwalimu Qiu Meirong alikuwa ameshafuta bilauri mbili kwa gazeti kuukuu mpaka zikang'aa. Ya kushoto aliijaza maji ya bomba. Ya kulia aliikorogea chumvi vijiko sita, akangoja maji yatulie yawe meupe kama ya mwenzake. Kisha akafungua kabati, akatoa kikombe chake cha chai chenye mfuniko. Humo, juu ya pamba, lililala yai. Lilikuwa lile lile la tangu siku ya kwanza ya mazoezi, wiki tatu zilizopita, lenye nyota nyekundu aliyoichora kwa wino ili ionekane hadi nyuma.

Waraka wa wilaya ulisema sayansi ifundishwe kwa kuvutia, watoto waone wenyewe, washangae, waulize. Mkuu wa shule, Bwana Lei, alipousoma akakaa akaandika karatasi ya nani atashangaa na nani atauliza. Darasa la tano wakalirudia somo mara saba. Wanaojua jibu wanyooshe mkono wa kulia, wasiojua wanyooshe wa kushoto, ili mbele ya wageni wa ukaguzi mikono yote arobaini iwe juu na mwalimu ajue wa kumwita.

Miaka kumi na mmoja Mwalimu Qiu alikuwa wa mkataba, kila Agosti akingoja kuambiwa kama atarudi. Mwaka huu nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na Bwana Lei alikuwa amemweleza wazi kwamba itategemea somo hili.

Wakaguzi watatu wakaketi nyuma kwenye viti vidogo, magoti juu, fomu mapajani. Watoto wakasimama, wakamwamkia mwalimu kwa sauti moja, wakakaa.

Akalishusha yai kwenye maji matupu. Kwenye mazoezi lilikuwa likizama hadi chini; leo lilizama nusu, likageuka, likapanda. Likasimama juu ya maji, nyota yake ikiwatazama watoto.

"Yai limefanya nini?" aliuliza; swali lilimtoka kwa mazoea kabla hajajizuia.

"Limezama, mwalimu!" wakaitikia wote.

Mikono ikapanda. Dirishani Pang Xiaohe, anayelelewa na bibi yake muuza mikate ya mvuke pale getini, alikuwa amenyoosha mkono wa kulia. Tangu mazoezi yaanze mtoto huyo alikuwa wa kushoto. Na hakungoja kuitwa.

"Mwalimu, linaelea," alisema. "Nyumbani bibi anaweka yai kwenye beseni la maji. Likielea hivyo halipiki, anasema hilo limezeeka. Mimi nauliza, likizeeka kwa nini linakuwa jepesi, na wala halijatobolewa?"

Nyuma mtoto mmoja akamnong'oneza jirani yake kwamba leo Xiaohe atakula fimbo. Kicheko kidogo kikapita.

Swali kama hilo Mwalimu Qiu alikuwa amelingoja miaka kumi na mmoja. Jibu lake alilijua: ganda la yai lina vitundu visivyoonekana, maji yanatoka kidogo kidogo, hewa inaingia. Lingewatosha saa nzima. Aliinua macho. Bwana Lei, mlangoni, alikuwa anatikisa kichwa polepole. Mkaguzi mwanamke wa katikati alilitazama yai, akamtazama mwalimu, kisha akainamia fomu yake akaendelea kuandika.

"Xiaohe," alisema Mwalimu Qiu, sauti yake laini kabisa, "hapo ulipo jua linakupiga machoni. Tazama vizuri. Limezama."

Mtoto akalitazama yai. Akamtazama mwalimu. Akakaa.

Mwalimu akaliopoa yai, akalitia kwenye maji ya chumvi, likaelea kama lilivyopaswa. Aliyepangiwa kushangaa akashangaa. Aliyepangiwa kuuliza akauliza.

Saa tano Bwana Lei alimwita ofisini, akammiminia chai kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wageni wameridhika, alisema, wameandika darasa changamfu. Barua itatoka mwezi ujao. "Ila Mwalimu Qiu, na wewe, yai moja wiki tatu, kwenye joto hili? Ungeniambia tu, ningekununulia." Akacheka. Mwalimu Qiu naye akacheka, akashukuru kwa kuinama, na chai ile akaiacha mezani.

Mchana kipindi kilikuwa cha hesabu. Aliingia bila kitabu. Mkononi alikuwa na bilauri moja ya maji ya bomba na yai lenye nyota. Wageni walikuwa wameshaondoka, viti vyao bado viko nyuma. Akaliweka yai majini, likaelea, akangoja mpaka darasa likatulia.

"Sasa tuko wenyewe," alisema. "Hakuna mazoezi. Semeni mnachokiona. Yai limefanya nini?"

Mikono thelathini na tisa ya kulia ikapanda pamoja.

"Limezama, mwalimu!"

Alimtafuta Xiaohe kwa macho, karibu amwombe. Xiaohe alikuwa amekaa wima, anamtazama mwalimu wake, si yai. Hakuwa amenuna. Alikuwa amenyoosha mkono vizuri kama walivyofundishwa, kiwiko mezani, vidole vimebanana.

Ulikuwa mkono wa kushoto.