Duara la Bujiku

Naanza kwa kukiri ujinga wangu, maana nimechoka kuwasukumia wengine. Mwaka 1975, katika ofisi yetu ya ramani mjini Mbeya, nililiona duara kwenye picha iliyopigwa na setilaiti. Lilikuwa jeusi, upana wake karibu kilomita mbili, katikati ya tambarare ya Usangu upande wa Madibira, kama limechorwa kwa bikari. Nilijiapiza kwamba lile ni shimo la nyota yenye mkia iliyoanguka enzi ambazo binadamu hakuwapo.

Gari la ofisi halikuwa na petroli, nikaandika ripoti bila kwenda kutazama. Mkuu wangu, Ndugu Ezekia, akaipeleka Dar es Salaam. Miezi michache baadaye ikaja amri: eneo lihifadhiwe, mifugo isiingie mpaka wataalamu wafike Novemba. Nikatembea mjini kifua mbele.

Oktoba nikapata gari, nikaenda kuliona shimo langu. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na kibao, mgambo mmoja aitwaye Didas, na majani marefu makavu yaliyozungukwa na ukanda mpana wa ardhi iliyoungua. Nje ya ukanda ng'ombe walikuwa wamelala, mbavu zinahesabika.

Mwenye ng'ombe alikuwa Bujiku, mzee wa Kisukuma aliyehamia Usangu na familia yake. Nilimwuliza nani kachoma mviringo ule.

"Mimi, mwanangu. Kila mwaka, majani yakianza kukauka, tunachoma kuzunguka. Moto wa porini ukija unafia hapo. Ndani ni ngitili, chakula cha ng'ombe cha kiangazi. Hata kwetu Usukumani tulifanya hivyo." Akanitazama. "Wanasema kuna mtu wa Mbeya kaona kitu kutoka juu. Unamjua?"

Nilikosa pa kuuweka uso. "Ni mimi, mzee."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Basi chukueni duara lenu. Tuachieni majani tu."

Nilirudi Mbeya mbio. Ndugu Ezekia alinisikiliza, akafunga faili.

"Wataalamu wameshajiandaa kuja. Niwaambie nini, kwamba tumegundua malisho? Novemba si mbali."

"Ng'ombe hawatafika Novemba, Ndugu Ezekia!"

"Isakwisa, toka."

Nilitoka, nikachukua gari bila ruhusa. Kule Madibira Didas alidai barua. Sikuwa nayo. Niling'oa kibao kwa mikono yangu, nikamwambia aandike jina langu, wakiuliza aseme ni mimi.

Bujiku akapiga mluzi. Kati ya ng'ombe sitini, kumi na wanne ndio walioinuka wakavuka ukanda mweusi. Wengine waligeuza vichwa tu. Mbuke, mke wa Bujiku, alishika mundu, akawa anakata majani na kuwakimbizia walioshindwa kusimama. Nami nikavua shati, nikang'oa majani mpaka viganja vikatoka damu, nikambebea mtamba mmoja mwekundu fungu zima. Nikapiga magoti, nikamsogezea mdomoni, nikambembeleza kwa Kinyakyusa, lugha asiyoijua.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mbuke alikuja, akainama, akayatoa majani mikononi mwangu taratibu.

"Huyo amekwisha, mwanangu," akasema, akampelekea ng'ombe mwingine.