Mzee wa Gesi Bwawani

Mume wangu hajawahi kupanda helikopta. Hajawahi hata kuigusa. Lakini ana cheti kinachosema kwamba helikopta ikianguka baharini naye akiwa ndani, ikapinduka, ikajaa maji, ataweza kusukuma dirisha, kufungua mkanda na kutoka akiwa hai. Bila cheti hicho hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi kwenye mitambo ya gesi huko katikati ya bahari. Kila baada ya miaka minne kinaisha muda wake. Alikwisha kukipata mara mbili, na siku hiyo tulikuwa tunakwenda kukitafuta mara ya tatu.

Nasema tulikuwa, kwa sababu safari hii nilimfuata. Si kwa mapenzi, ukweli usemwe. Nilikuwa nimeishiwa subira.

Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na si fundi wa kubahatisha. Nusu ya mageti ya mtaa wetu ni kazi ya mikono yake. Gesi ilipogunduliwa chini ya bahari, binti yetu wa kwanza alikuwa bado tumboni. Wakaja watu wenye helmeti nyeupe, wakaitisha mikutano, wakasema mitambo itajengwa, mabomba yatalazwa, na mafundi wa hapa hapa watafikiriwa kwanza, ilimradi wawe na vyeti. Mume wangu akakimbilia vyeti. Tangu hapo bei ya gesi imeshuka, imepanda, imeshuka tena. Kampuni moja imejitoa, nyingine imeingia. Serikali imevunja mazungumzo, ikayaanza upya, na mawaziri wamebadilishwa mpaka nimesahau nani alimfuata nani. Kila mwaka tunaambiwa uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ni mwakani. Yule binti wa tumboni sasa ananizidi urefu na anavaa viatu vyangu bila kuniomba.

Mtaani wamempachika jina, Mzee wa Gesi. Akipita kijiweni wanamuuliza, "Mzee wa Gesi, imefika?" Naye hujibu, "Iko njiani," huku anacheka. Zamani hata mimi nilikuwa nacheka. Siku hizi nikilisikia jina hilo natamani kummwagia mtu ndoo ya maji ya vyombo.

Maana kazi amezikataa, na hilo ndilo linaloniuma. Kila ikija kazi ya kudumu anasema hawezi kujifunga, je wakimwita? Basi anaishi kwa vibarua, dirisha hapa, kitanda cha chuma pale. Na sasa kiwanda cha sabuni kilikuwa kinatafuta fundi wa boila na mabomba ya mvuke. Mkuu wa karakana ya kiwanda, aliyewahi kufanya kazi na mume wangu ujanani, alimpa mpaka saa kumi jioni ya siku ile ile ya mtihani wa cheti bwawani aseme ndiyo au hapana. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Acha nimalize bwawa kwanza," akaniambia. "Halafu nitafikiria."

Nilijua maana yake. Akitoka na cheti kipya, hakuna atakachofikiria. Tutangoja miaka minne mingine.

Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya chuo cha ufundi, ndani ya banda refu la mabati lililonuka dawa ya maji mpaka macho yakawasha. Juu ya maji kilining'inia kibanda cha chuma cha rangi ya chungwa, chenye viti na madirisha, kimeshikiliwa na winchi, mashine ya kushusha na kupandisha vitu. Hiyo ndiyo helikopta. Nilipoiona nilitaka kucheka, kisha nikamwona mume wangu anahangaika na zipu ya ovaroli, inamkwama mara ya tatu. Kicheko kikaniishia.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Niogope nini? Mara mbili nimetoka."

"Ulikuwa kijana."

"Na sasa je?"

"Sasa una kitambi, baba watoto."

Akajipapasa tumbo. "Kitambi kinaelea," akasema, akanikabidhi shati na simu yake, akaenda kujiunga na wenzake.

Aliyewafundisha ni mwanamume mwembamba waliyemwita Kocha. Aliwapanga mafundi wanne kando ya maji, akawaeleza polepole, na mimi kwenye benchi langu nikasikia kila neno. Kibanda kitazama na kupinduka. Mtu asifungue mkanda kikiwa bado kinazunguka, maana atachanganyikiwa asijue juu ni wapi. Ashike fremu ya dirisha, angoje kitulie kabisa. Kikitulia, asukume dirisha, afungue mkanda, atoke. Mpiga mbizi atakuwa majini, lakini huyo ni wa dharura.

Wakapanda, wakajifunga. Kocha akaenda kusimama kwenye winchi. Pembeni yake palikuwa na redio ndogo iliyokuwa ikisema taarifa ya habari, na mimi nilikuwa karibu. Kampuni zenye kitalu cha gesi, alisema msomaji, zimeahirisha tena uamuzi wa kuwekeza mpaka hali ya soko itakapoeleweka. Waziri amewataka wananchi wawe watulivu.

Kocha akaizima redio. Akanitazama, nikamtazama.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "hili ndilo kundi la mwisho. Hakuna kampuni inayoleta watu tena. Kuanzia mwezi ujao bwawa hili ni la kufundishia watoto kuogelea."

"Basi waambie! Washushe!"

"Wameshafungwa mikanda. Nikiwaambia sasa watazama na mawazo. Maji hayataki mtu mwenye mawazo."

Na kabla sijamjibu akavuta mkono wa winchi. Kibanda kikashuka. Maji yakapanda kwenye magoti yao, vifuani, shingoni, nikamwona mume wangu anavuta pumzi ya mwisho na mashavu yamevimba. Kikazama, kikapinduka. Nikasimama bila kujua kwamba nimesimama.

Kikaibuka kichwa kimoja, kinakohoa. Cha pili. Cha tatu. Nilikuwa nawatazama usoni mmoja mmoja, na kila mmoja nilimchukia kwa kuwa si yeye. Maji yakatulia. Nikapiga ukelele, sijui nilitamka nini. Mpiga mbizi alikuwa ameshazama zamani, akaibuka amemkumbatia mume wangu kwapani, kichwa kimelala nyuma. Wakamlaza ukingoni. Akatapika maji, akavuta pumzi kwa kelele mbaya, akafungua macho.

"Mbona hukufungua mkanda?" Kocha akamuuliza.

"Nilikuwa nangoja kitulie."

"Kilitulia zamani, kaka."

"Mimi sikuona kama kimetulia," akasema, na alikuwa anasema kweli tupu. Hakuwa ameshikwa na hofu. Alikaa pale chini, kichwa chini miguu juu, anangoja.

Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye maji yaliyomwagika, nikamshika uso. "Wameahirisha tena," nikamwambia. "Redio imetangaza sasa hivi. Hakuna kazi, unasikia? Unataka kufa kwa kitu ambacho hakipo?"

Akajifuta maji usoni. Mmoja wa wale wenzake watatu akaanza kuikamua ovaroli yake taratibu.

"Hata mwaka juzi waliahirisha," mume wangu akasema. "Wakarudi mezani."

"Na kiwanda cha sabuni kitaahirisha kwa ajili yako?"

Akamgeukia Kocha. "Narudia."

"Harudii!" nikasema.

"Kila mtu ana nafasi ya pili," Kocha akasema huku ananikwepa macho. "Akitaka."

"Kwa kazi gani?" Nilikuwa napiga kelele sasa, na sikujali. "Niambie, kwa kazi gani?"

"Si kwa kazi," mume wangu akasema. "Sitaki kuondoka hapa nikiwa nimebebwa. Hilo tu, mama watoto. Niache nitoke mwenyewe."

Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini hapo nikauachia uso wake. Nikarudi kwenye benchi. Nikamwona anapanda peke yake kwenye kile kibanda, anavuta mkanda kiunoni, anaujaribu. Hakunitazama. Winchi ikalia. Maji yakamfunika.

Sitaki kueleza nilivyokuwa wakati ule. Niliomba. Niliahidi vitu ambavyo mpaka leo sijavitimiza. Niliyakodolea macho maji upande ule ambao wenzake walitokea, na yeye akaibuka upande wa pili kabisa, nyuma ya kibanda, nikawa mtu wa mwisho kumwona. Wenzake walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Mimi nililia kama mtoto, sikujificha.

Aling'ang'ania ukingo, anahema. "Saa ngapi?" akauliza.

Nikatazama simu yake. Saa kumi ilikuwa inagonga mlango.

"Mpigie wewe, mwambie ndiyo," akasema. "Mimi pumzi sina."

Sikungoja aseme mara ya pili. Nikaenda kando ya banda, nikampigia mkuu wa karakana. Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Nilishaanza kumtafuta mwingine," akasema. "Haya, aje kesho. Vyeti anavyo?"

"Vya kuchomelea anavyo vyote, unamjua," nikasema. Sijui shetani gani akanipitia nikaongeza, "Na kingine cha kutoka kwenye helikopta iliyozama."

Akapasuka kwa kicheko. "Helikopta! Kwenye sabuni! Shemeji, labda siku akitumbukia kwenye pipa letu!" Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka naye. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikashika ukuta, hofu yote ya siku ile ikanitoka kwa kicheko. Miaka yote ile niliyongoja ikanitoka nayo. "Mzee wa Gesi," nikasema huku nafuta machozi, "Mzee wa Gesi anakuja kwenu kupika sabuni!"

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, anachuruzika maji, ameshika cheti kipya alichopewa na Kocha kwa ncha za vidole asikiloweshe.

Alikuwa amesikia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Katika miaka yote ya utani wa mtaani, sikumbuki kama aliwahi kunisikia mimi nikimwita jina lile.

"Muulize zamu inaanza saa ngapi," akasema.

Nikauliza. Zamu inaanza saa moja asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, akachukua shati lake mikononi mwangu, akaenda kubadili nguo. Mkuu wa karakana alikuwa bado anacheka kwenye simu, ananiita shemeji, shemeji, upo? Mimi nilibaki nimesimama pale, naona haya kumfuata mume wangu.