Mkalimani wa Po-shu

Po-shu alikuwa na miaka sita na mdomo uliomgomea. Akili alikuwa nayo, tena ya ziada. Kasheshe ilikuwa kulitoa neno. Aliutuma ulimi kulia, wenyewe ukaenda kushoto. Ndipo dada yake Yun-tung, mwenye miaka tisa, alipojipa kazi ya ukalimani. Po-shu akikohoa tu, Yun-tung keshasema: "Anataka maji ya uvuguvugu, kwenye kikombe cha kijani."

Mama yao, Pei-shan, aliuza vyakula vya asubuhi mjini Chiayi, na kwa miaka mitatu alimshukuru binti huyo kimoyomoyo. Mtu mwenye wateja ishirini na chapati inayoungua ana muda gani wa kusubiri silabi? Lakini sasa shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili, Po-shu aingie darasa la kwanza, na humo darasani dada hayumo. Mwalimu wake wa matamshi alisema bila kupepesa macho: mwacheni aombe mwenyewe, hata ikichukua nusu saa.

Basi Jumapili, Yun-tung alipomjibia tena, Pei-shan alimgeukia mbele ya wateja. "Hebu funga mdomo. Wewe ndiye unayemfanya mwenzako bubu."

Alijuta kabla hajamaliza kusema. Yun-tung aliufunga kweli, siku nzima, na usiku akalala ameugeukia ukuta.

Jumatatu, siku yao ya kufunga duka, walikwenda kula kwenye mgahawa wa Shangazi Lo, mtaa wa pili, kwa sababu hata wauza chapati huchoshwa na chapati zao. Kinywani mwa Shangazi Lo wanawake wote ni warembo na wanaume wote watanashati, vipara wakiwemo. Pei-shan aliificha chini ya mkoba ile karatasi ya kuagizia ambayo mteja huiwekea alama tu bila kusema, ili Po-shu asiwe na pa kukimbilia.

"Haya, mrembo wangu, unakula nini?" Shangazi Lo alimwuliza Yun-tung kwanza.

"Chochote."

"Hicho kimeisha tangu jana."

Yun-tung hakucheka.

"Mpe chapati ya yai, kama kawaida," alisema Pei-shan.

Po-shu akapiga meza. Alisimama juu ya kiti, uso umemwiva, midomo ikihangaika. Yun-tung alifungua kinywa, akamtazama mama, akakiziba kwa viganja viwili. Pei-shan naye alijikaza asimsaidie, ingawa moyo ulimuuma. Nyuma yao mwanamume mwenye kofia ya pikipiki akaguna.

"Tulia, mtanashati," Shangazi Lo alimwambia. "Mwenzako anaongea."

"Da... dada," alisema Po-shu. "Ma... mayai ma... mawili." Akavuta pumzi. "Vi... vitu... vitunguu, ha... hapana."

Pei-shan alikuwa ameingojea siku hiyo miaka mitatu, na furaha ilimjaa hadi machoni. Lakini ilikuja pamoja na aibu. Kila uchao alimtilia binti yake vitunguu majani tele kwenye chapati.

"Kumbe huli vitunguu majani?"

"Sili."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la kwanza. Huwa navitoa. Po-shu ananishikia leso."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Yun-tung akafikiri kidogo. Hakuwa na hasira. "Huwa unaniuliza Po-shu anataka nini."

Pei-shan alivuta kiti chake kikagusana na cha binti yake, akaushika mkono wake na kuung'ang'ania.

"Na wewe mwenyewe, mtanashati?" Shangazi Lo alimwuliza Po-shu.

Po-shu akamtazama dada yake, kwa mazoea.

"Usiniangalie mimi," alisema Yun-tung. "Nimeacha kazi."

Po-shu alicheka, akashika ukingo wa meza, akaanza kulitafuta neno lake. Lilichukua muda mrefu. Wakati wakilisubiri, Pei-shan alimwinamia Yun-tung, akamwuliza taratibu ni nini kingine asichokipenda. Orodha ilikuwa ndefu, naye aliisikiliza yote.