Nduma Nyuma ya Ukuta

Begi langu lilikuwa limeshapanda lori. Mutugi, dereva aliyekuwa anarudi Timau kubeba viazi, alilirusha juu ya magunia matupu, akapiga mlango kwa kiganja, akaniambia, "Panda, mtu wa safari. Mvua ikitupata kwa huu udongo tutalala hapa."

Nikaweka mguu kwenye tairi, nikajivuta juu. Ilikuwa Ijumaa, saa nane mchana, mwezi wa kumi na moja mwaka wa tisini na saba, msimu wa ile mvua ambayo redio iliita El Nino. Hapo juu ya Manyatta, kule Embu, barabara inapita mgongoni mwa kilima, na kutoka juu ya lori nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa chini yangu kabisa, paa lake na uwanja wake wa nyuma. Nilikuwa nimekaa kwa boma hilo wiki tatu na sikuwahi kuitazama kutoka huko.

Niliona mambo mawili. Gata la nyuma, lile bati la kukinga maji ya paa, lilikuwa limeota nyasi. Si majani makavu, ni nyasi mbichi za kutosha kulisha mbuzi, na katikati gata lilikuwa limelegea kama kamba ya nguo. Chini yake, mahali marehemu baba mkwe alipochimba mtaro ili maji ya mlimani yasifike kwa nyumba, hapakuwa na mtaro. Palikuwa na nduma, yale magimbi ya majani mapana, zimejaa kona hadi kona, na kati ya nduma maji ya mvua ya jana yalikuwa yamesimama, yanang'aa.

Ukuta uliokuwa ukinywa maji hayo ulikuwa wa matofali ya udongo, hayakuchomwa, yamepakwa simiti nyembamba tu. Upande wa ndani, kitanda kikiwa kimeegemea ukuta huohuo, alikuwa amelala mama mkwe wangu, Ciakuthii. Alikuwa amevunjika nyonga tangu Agosti na hakuweza hata kugeuka bila kushikwa.

Na upande wa mlima kulikuwa kumeshakuwa kweusi.

"Mutugi, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?"

"Ule ukuta hautamaliza leo."

Akachungulia. "Wa nani?"

"Wa mama mkwe."

"Basi huo ni wa shemeji yako. Wewe una kazi kesho asubuhi."

Alisema kweli. Shamba moja kubwa la maua kule Timau lilikuwa limekubali kuniandika, fundi wa nyumba za wafanyakazi, kazi ya kudumu, na msimamizi alisema nisipoonekana langoni Jumamosi saa moja ataandika mwingine. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikuwahi kuandikwa mahali popote. Nilikuwa nimebeba mbao, nimepaka rangi, nimechimba vyoo kutoka Isiolo hadi Kiritiri. Shuleni niliingia na kutoka mara nne. Miguu yangu haikai.

Nikashuka. Mutugi akapiga honi mara moja, akaenda na begi langu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo huniuliza: wiki tatu hapo, fundi mzima, kwa nini hukupanda ukatoa hizo nyasi? Mimi ni Mmeru, mke wangu Rwamba ni wa Embu, lakini kwa jambo hili hatutofautiani. Mkwe na mama mkwe wana mpaka. Simwangalii usoni. Chumba chake cha kulala sikijui. Mimi nililala kijumba cha nje, na Rwamba akamuuguza mama yake ndani. Kupanda juu ya paa na yeye yuko chini yake ni kumkanyaga kichwa. Hiyo ni kazi ya mtoto wake wa kiume, na mtoto huyo alikuwa Ireri, karani Embu mjini, si mbali. Nilimpigia simu mara mbili kutoka dukani. Mara zote mbili akasema, "Nitakuja wikendi, shemeji." Wikendi mbili zikapita.

Nazo nduma ndizo zilikuwa fahari ya mama. Nduma hupenda maji, yeye akaona mtaro una maji, akapanda. Kila mgeni alizila kwa chai akazisifu, mimi nikiwa wa kwanza. Hakuna aliyesema, mama, umeziba mtaro. Nami nilijua. Kule Timau nilipofanya kibarua zamani tulitoa majani kwa gata na kuzibua mitaro kila mwaka kabla ya mvua, kazi ya asubuhi moja. Nilijua na nikanyamaza, nikasema ni heshima.

Matone ya kwanza yalinipata kwenye migomba. Rwamba alikuwa mlangoni, mimba ya miezi saba, mkono kiunoni.

"Umesahau nini?"

"Jembe liko wapi?"

"Baba Kiende, lori je?"

"Limeenda. Jembe! Na umtoe mama kwa kile kitanda."

"Nimtoe na nani? Jana kumgeuza tu, kwa ile nyonga, tulikuwa wanawake watatu. Kina Celina wa jirani wote wako sokoni hadi jioni."

Nikazunguka nyuma. Nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba. Simiti ikapasuka kama ganda la yai na kidole kikaingia chote. Ndani mlikuwa na uji.

Nikaanza na kona ya chini, upande wa migomba, ili maji yapate pa kutokea. Jembe la kwanza, la pili. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Juu ya kichwa changu kulikuwa na kidirisha cha mbao, kimefungwa, na kutoka huko nikasikia sauti.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni nani? Thuranira ameenda Timau."

"Nimerudi."

"Mbona nasikia jembe?"

"Nafungua mtaro, mama."

"Hapo hakuna mtaro. Hapo kuna nduma zangu."

"Ndiyo, mama."

"Hizo ni za Krismasi!"

"Ndiyo, mama." Nikang'oa shina lingine, likatoka na kishindo cha tope.

"Hiyo ni gani? Ni ile ya karibu na jiwe?"

"Ni hiyo."

"Ile ya jiwe! Rwamba! Njoo usikie bwana yako! Nilimpa msichana, sasa anamaliza na shamba!"

Nilikuwa nikizing'oa kwa mikono, maana jembe lilikuwa linakwama kwa mizizi. Kila shina lilikuwa limeshika udongo wa miaka minne, na nyuma yake maji yalikuwa yakipanda. Yalinifika kifundo cha mguu, kisha katikati ya muundi. Kutoka mlimani yalikuja mekundu, yana mabua na kinyesi cha ng'ombe, na yote yalikwenda kuegemea ule ukuta. Ndani mama alikuwa akihesabu. Kumi na moja. Kumi na mbili. Alihesabu kwa Kiembu, kwa uchungu, kama mtu anayehesabu mbuzi walioibwa.

Kwa shina la kumi na tisa kitu kikaachia. Maji yalivuta miguu yangu, yakazunguka kona, yakaenda kwa migomba yakinguruma. Nikasimama nikihema. Nilidhani nimemaliza.

Rwamba alikuja na gunia kichwani. Akanyoosha mkono juu. Lile gata. Mlango wake wa maji ulikuwa umezibwa na nyasi, kwa hiyo maji ya paa lote la nyuma yalikuwa yanakusanyika pale lilipolegea na kumwagika sehemu moja, juu ya ukuta, kando ya kidirisha. Maji mazito kama mkono wa mtu. Simiti ilikuwa imeshabanduka hapo, na tofali likayeyuka tukiliangalia.

"Panda," Rwamba akasema.

"Yuko ndani."

"Panda, atakusamehe."

"Sitamsamehe!" ikasema sauti ya ndani. "Apande aone!"

"Mama, ukuta unaoza!"

"Uoze! Mkwe wangu hatapita juu ya kichwa changu, nikiwa hai!"

Kulikuwa na mti mrefu wenye kulabu, wa kuangushia avokado. Nikaukimbilia. Nikatia kulabu kwa ncha ya gata, kule mwisho kabisa wa nyumba, nikaning'inia nao kwa uzito wangu wote. Misumari ilikuwa imekula kutu. Mmoja ukatoka, kisha wa pili, ncha ikashuka, na lile ziwa lote lililokuwa juu, nyasi na majani na tope, likatelezea kwangu likanipiga kifuani nikaketi chini. Lakini maji yaliacha ukuta. Yalimwagika mbali, nje ya kona, kwa mtaro.

Ndipo tukasikia mlio, kama mtu anavunja muwa kwa goti.

Ufa ulianza chini ya kidirisha ukashuka hadi msingini. Ningeweza kuingiza kiganja. Mama hakupiga kelele. Alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mzee, "Rwamba, kuna kitu kimeniangukia usoni."

Nilikimbia kuzunguka nyumba, nikapita sebuleni na tope langu, nikafika kwa mlango wa chumba chake. Hapo nikasimama. Rwamba alikuwa akisema nilisimama muda wa kusoma Baba Yetu. Mimi naona ni zaidi. Nilikuwa nasikia mchanga ukidondoka juu ya blanketi, kidogo, tena, tena. Rwamba alikuwa ameshika mabega ya mama yake, anavuta, na hawezi, na tumbo lake lile.

"Baba Kiende!"

Nikaingia.

"Usiniangalie," mama akasema.

"Siangalii."

Alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani. Mimi nikafumba macho. Nilimwinua pamoja na blanketi, mwepesi kama gunia la maganda, na Rwamba akaniongoza. "Kushoto. Inama. Bado. Sasa." Hata hivyo nilimgonga mguu kwa fremu ya mlango, na akatoa kilio ambacho sijakisahau. "Niue basi umalize!" Nikatembea hivyo, nimefumba macho, mvuani, hadi jikoni, nyumba ya mbao iliyosimama peke yake mbele. Tukamlaza kwa godoro kando ya moto.

Na ukuta haukuanguka.

Saa kumi na moja mvua ikaacha. Ukuta ulikuwa umesimama na ufa wake. Mama, kutoka chini ya shuka, akasema, "Umeingia chumbani kwangu, umenishika, umemaliza nduma zangu. Na ukuta umesimama." Nikatoka nje kuosha tope.

Ireri alifika Jumamosi saa nne, na viatu vya ofisi. Akauzunguka ukuta akikanyaga kwa ncha za vidole.

"Shemeji, si ni ufa tu? Fundi ataziba na simiti."

"Nataka kitanda changu," mama akasema kutoka jikoni. "Moshi unaniua."

Ireri akamwita Rwamba wamshike mama pande mbili. Mimi nikaenda nikaketi kwa kizingiti cha chumba cha kulala, mgongo kwa fremu moja, miguu kwa nyingine.

"Toka hapo," Ireri akasema.

"Sitoki. Ndani ya huo ukuta bado ni uji."

"Wewe ni nani kwa nyumba hii?"

"Ni mkwe. Kosa nimeshalifanya, haliwezi kukua tena. Mkitaka kumrudisha mtapita juu yangu."

"Mama, sikia mtu wako!"

"Nimemsikia," mama akasema. "Mwambie ana adabu ya punda."

Nikakaa hapo. Rwamba aliniletea chai, na nduma, zilezile. Nilikaa mchana na usiku, na kule Timau lango lilikuwa limefunguliwa asubuhi likafungwa bila mimi. Nilitamani kuondoka kuliko nilivyowahi kutamani maishani mwangu. Asubuhi ya Jumapili kukawa na jua kali. Ukuta ulianza kutoa mvuke. Ireri aliniambia, "Unaona? Unakauka." Akaenda kanisani.

Saa saba mchana, hakuna upepo, hakuna mtu aliyeugusa, ukuta ulikaa chini. Ulianguka ndani. Vumbi lilipotulia niliona mlima kupitia chumba cha mama mkwe wangu, na kitanda kimevunjika katikati, na juu ya mto, mahali pa kichwa, matofali hadi magotini.

Jikoni mama aliuliza, "Ni nini hicho?" Rwamba akamwambia.

Nilimpelekea kondoo mwezi wa kwanza, kwa kosa la kuingia chumbani. Alimpokea, akaliwa na wazee. Aliishi miaka tisa zaidi, akatembea kwa mkongojo, na hakuniangalia usoni hata siku moja, kama inavyotakiwa. Nduma alizipanda upya chini kwa migomba, ambako mtaro unaishia. Ireri alijenga ukuta wa mawe. Kila mwezi wa pili na wa tisa alipanda mwenyewe kusafisha gata, hadi goti lilipomkataa. Sasa anamlipa kijana wa jirani. Ile kazi ya Timau ilipewa mtu wa Nanyuki. Mutugi alirudisha begi langu Februari, bila viatu. Rwamba alijifungua msichana, akaitwa jina la nyanya yake. Sasa msichana huyo ni mwalimu huko Chuka. Rwamba alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, ugonjwa wa presha. Mimi hukaa kwa Kiende, mtoto wetu wa kwanza, huko Kinoru, Meru, siku ninazokaa.