Nyumba ya Nne Baada ya Mashine ya Kusaga

Fremu ya picha ilirudi Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Mama Makopo akiwa kibarazani anakata kopo la maziwa ya unga kwa mkasi wa bati. Ilipenya chini ya geti la mbao, ikapumzika kidogo kwenye kivuli cha ndoo, kisha ikasogea taratibu mpaka miguuni pake na kuegemea kigoda. Ilikuwa na vumbi hadi kwenye pembe. Mama Makopo aliweka mkasi chini, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaigeuza. Bado ilikuwa na karatasi yake ya zawadi na utepe wake, ila kwenye kikadi jina la wifi yake lilikuwa limekatwa, likaandikwa jina jingine, nalo limekatwa, likaandikwa la tatu.

"Hata kuifungua hakuifungua," alisema, akampigia wifi simu.

"Fremu?" alisema wifi. "Naitazama hapa ninapozungumza nawe. Iko juu ya televisheni. Kila mgeni ananiuliza, hii mmenunua duka gani?"

"Ina rangi gani vile? Nimesahau."

Wifi alikohoa. "Si rangi yake ile ile, wifi. Nzuri."

"Haya. Wasalimie watoto," alisema Mama Makopo, akakata simu na kuendelea na kopo lake.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Kopo tupu alilizungushia kamba ya katani, likawa chombo cha maua. Kadibodi ya sabuni ikawa fremu. Mabaki ya vitambaa, ambayo fundi cherehani jirani yake alimwekea kwenye mfuko kila Ijumaa, yakawa shada la kutundika mlangoni. Vilikuwa vitu rahisi, vya bei ya kuokota, na mtu angeweza kupamba navyo nyumba nzima mfuko usijue. Kilichomchosha si watu wa kununua. Kilichomchosha ni ndugu. Kila penye harusi, mtoto aliyezaliwa au nyumba iliyohamiwa, simu ililia. "Wewe tena, kwako si kazi. Ni karatasi tu na gundi." Naye angeinamia meza siku nne mpaka shingo ikakamae, apeleke zawadi, ipokelewe kwa mikono miwili, avikwe kilemba cha ukoka, kisha zawadi iende stoo kabla chai haijapoa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakuwa na mawifi.

Baada ya fremu vikafuata vingine. Kikapu cha dada yake kilirudi Alhamisi kikiwa na maganda ya vitunguu ndani. Chombo cha maua cha mjomba kilirudi na misumari na betri zilizokufa. Chupa mbili alizompa binamu siku alipohamia kwake zilirudi pamoja, moja ikiwa na mafuta ya taa, nyingine imepasuka mdomo. Msusi wa pale kona alikuja kulalamika. "Mama Makopo, chupa zako zinapita mlangoni kwangu tangu asubuhi. Zinanizibia njia, wateja wanaziruka." Na askari wa barabarani, aliyekuwa akisimamisha magari ili makopo yavuke, alimtumia salamu kwamba vitu vyake avifundishe kupita penye kivuko cha waenda kwa miguu kama watu wengine.

Mama Makopo aliomba radhi kwa kila mtu. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Vitu katengeneza yeye, vikatupwa na wenyewe, na wa kuomba radhi ni yeye.

"Kosa ni lako, jirani," alisema fundi cherehani, bila kuinua macho kwenye mashine yake. "Unaviandikia njia."

Alisema kweli. Nyuma ya kila kitu alichotengeneza, Mama Makopo aliandika kwa kalamu ya wino mzito: Ukipenda kingine, piga namba hii. Nyumba ya nne baada ya mashine ya kusaga. Aliandika hivyo akitafuta wateja. Mteja hakuwahi kupatikana kwa njia hiyo hata mmoja, lakini vitu vilikuwa vimeisoma anwani.

"Usiandike," alisema fundi. "Vikichoshwa huko viliko, vitajua wenyewe pa kwenda."

Kwa hiyo sahani ya ukutani aliyompa mke wa shemeji yake hakuiandikia neno. Wiki tatu zikapita kimya. Wiki ya nne muuza mkaa akaja na habari kwamba kuna sahani yenye maua ya vitambaa inazunguka pale penye njia panda, inakwenda huku inarudi, inakwenda kule inarudi, na watoto wameanza kuipiga mawe. Mama Makopo alivua aproni, akaenda mwenyewe kuichukua. Aliibeba kifuani njia nzima. Tangu siku hiyo aliandika anwani kwenye kila kitu, tena kwa herufi kubwa.

Mwendo wa vitu ulijulikana, maana fundi alikuwa mtu wa kupima. Siku kopo la mjomba lilipopita mbele ya kibanda chake, alitoa futikamba yake ya kushonea, akaliwekea alama ya chaki kila baada ya saa. Mita ishirini na moja kwa saa, nusu kilomita kwa siku, mvua au jua, mlima au mteremko. Aliandika hesabu hiyo ukutani, chini ya vipimo vya suruali za watu. Kwa wifi ni kilomita nne, na fremu ilitumia siku nane. Haikukosea hata saa moja.

Nyumba ya Mama Makopo ikajaa. Kabati lilijaa, chini ya kitanda pakajaa, na akipika alilazimika kuruka mashada. Hakuviuza tena. Kitu kilichotoka mbali kwa miguu, alisema, hakiuzwi. Lakini hakukata tamaa, kwa sababu kimoja hakikuwa kimerudi.

Kilikuwa kioo. Alikuwa amekitengeneza kwa ajili ya binti yake, mtoto wake wa pekee, alipoolewa na kuhamia mji wa mbali. Kioo chenyewe kilikuwa cha duara, cha kawaida, lakini pembeni alikizungushia miale mia mbili ya karatasi zilizoviringishwa kama vijiti, akaipaka rangi ya dhahabu. Karatasi hizo zilikuwa daftari za binti, kuanzia darasa la kwanza hadi alipomaliza shule, ambazo mama alizihifadhi kwenye sanduku miaka yote hiyo. Alimaliza sanduku zima. Kazi ilichukua miezi miwili, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika sawasawa tena. Binti alipofunguliwa zawadi alilia, akamkumbatia, na kioo kikapakiwa kwenye gari la mizigo pamoja na magodoro.

"Kioo changu kipo?" Mama Makopo alimwuliza kila alipopiga simu.

"Kipo mama, sebuleni. Mtu akiingia tu macho yanakwenda pale."

Wifi alikuwa amesema hivyo hivyo, mama alijua. Lakini fremu ya wifi ilirudi, na kioo hakikurudi. Mwezi ukapita, wa pili, wa tano. Kila kitu kingine alichowahi kumpa mtu kilikuwa kimeshapenya chini ya geti, na yeye akawa anakipangusa, anakitafutia nafasi, kisha anamwendea fundi dirishani.

"Cha binti yangu hakijarudi," alisema.

"Naam," alisema fundi, akavuta uzi.

"Huyo ni damu yangu. Anajua jasho langu. Wengine wote wanafiki, fundi, lakini huyo siyo."

"Naam, jirani." Fundi aliinama zaidi kwenye mashine, akakanyaga pedali, na kelele ikafunika maneno. Ukutani, chini ya vipimo vya suruali, alikuwa ameongeza mstari mmoja wa hesabu kwa chaki, kisha akatundika kalenda juu yake.

Kioo kilifika siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Chini ya geti hakikuweza kupenya, kwa hiyo kilisimama nje, kikawa kinagonga kwa ukingo, taratibu, kama mgeni asiyetaka usumbufu. Mama Makopo alidhani ni muuza mkaa. Alifungua, akakiona, na akajiona: mikono ina gundi, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Karibu," alisema.

Alikaa kwenye kigoda, akakipakata. Kumi na moja kati ya miale ilikuwa imevunjika. Mvua zilikuwa zimeosha dhahabu yote, na chini ya dhahabu wino wa zamani ulikuwa umejitokeza. Hapa tano mara saba, hapa alama nyekundu ya mwalimu. Kwenye mwale mmoja wa juu, kwa mwandiko mkubwa wa darasa la pili, palisomeka: Mama yangu anafanya kazi ya. Yaliyobaki yalikuwa yameviringishwa ndani.

Kwanza alijipa moyo. Labda kilikaa miezi yote ile, kikashushwa juzi tu. Labda wamepaka rangi ukuta. Labda kulitokea jambo. Alikibeba hadi kwa fundi.

"Ni kilomita ngapi mpaka kwa binti yangu?"

Fundi alizima mashine. Akainua kalenda ukutani. "Mia na ishirini," alisema. "Siku mia mbili arobaini."

Mama Makopo alihesabu kwenye hiyo hiyo kalenda, mwezi kwa mwezi, akirudi nyuma kwa kidole kisichokunjika. Tangu gari la mizigo liondoke zilikuwa siku mia mbili arobaini na moja. Alihesabu tena, akianzia mwanzo, apate hesabu nyingine. Hakuipata. Kioo kilikuwa kimelala kwa binti yake siku moja.

"Ulijua," alimwambia fundi.

"Mimi kazi yangu kupima, jirani. Kusema nilishindwa."

Aliumia. Hakuna namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Alikuwa amewavumilia mawifi, mabinamu na wajomba kwa sababu ya kioo kile, na kumbe miezi yote aliyokuwa akitamba dirishani, kioo kilikuwa barabarani, nusu kilomita kwa siku, kinamjia. Alirudi nyumbani, akaosha mikono, akakifuta kwa kitambaa kibichi, akaanza kuunga miale iliyovunjika. Alipofika wa tano, simu ililia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nina ombi, usinikatalie. Mawifi zangu wamekipenda kile kioo, wananisumbua kila siku. Mdogo wao anaolewa mwezi ujao, wanataka kumi na viwili vya kuwapa wageni wa heshima. Nimewaambia mama yangu hana neno. Si ni karatasi tu na gundi."

Mama Makopo alishika mwale mkononi, gundi ikimkaukia. "Kioo chenyewe kiko wapi sasa hivi?"

"Si hapa sebuleni, mama. Kiko mbele yangu. Ndiyo najitazama hivi."

"Unaonekanaje?"

Binti alicheka. "Nimenenepa."

Mama alikitazama kioo mapajani. Kilikuwa na sura yake peke yake. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa kwenye ulimi, na alikuwa na haki nayo yote. Lakini alimjua mtoto wake: angenyamaza, kisha angesema kioo kilianguka, kisha angelia, na mwisho wa yote mama ndiye angekuwa anambembeleza na kumwomba radhi. Alishaomba radhi za kutosha, kuanzia kwa msusi hadi kwa askari.

"Kunenepa ni afya," alisema. "Vingapi ulisema?"

"Kumi na viwili. Na mama, vile vile vya dhahabu."

"Haya."

Alikata simu. Kisha akasonya, msonyo mrefu uliosikika mpaka kwa fundi, akaunga miale iliyobaki na kukitundika kioo ukutani, mahali pazuri, mkabala na mlango, ambapo mtu akiingia tu macho yanakwenda pale.

Siku ya pili alianza kazi. Daftari za binti zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo aliviringisha magazeti. Fundi alikuja na mfuko wa vitambaa ingawa haikuwa Ijumaa, akamkuta ameshapanga kadibodi kumi na mbili mezani, na kabla ya kitu chochote kingine anaziandika nyuma, moja moja, kwa herufi kubwa. Nyumba ya nne baada ya mashine ya kusaga.

"Hata hizi?" aliuliza fundi.

"Ulitaka zizunguke njia panda zipigwe mawe?"

Mama Makopo alifunika kalamu, akamwomba msumeno wake, akatoka hadi getini. Alipiga magoti, akapima kwa mkono upana wa kioo kimoja pamoja na miale yake, akaanza kukata mbao za chini.

"Jirani, kuku wa watu wataingia hapo," alisema fundi.

"Waingie," alisema Mama Makopo, akaendelea kukata.