Hema kwenye Ukanda wa Barabara

Clémence Racette alipopata barua ya kamati ya sherehe aliisoma mara mbili amesimama, kisha akaketi akacheka peke yake. Fort Ansell, mji mdogo wa bondeni alikozaliwa, ulikuwa unaadhimisha miaka mia na ishirini tangu kampuni ya manyoya ijenge ngome yake pale kando ya ziwa. Kamati ilimwomba, kama "mwakilishi wa Wametisi wa zamani", watu wa damu ya Wazungu na wenyeji wa nchi ile, ajifunge shali, apande mkokoteni wa ng'ombe na kuwapungia watu mkono.

"Wa zamani," alimwambia Yvonne, binti wa kaka yake. "Nina miaka hamsini na tisa. Hata meno yangu yote ninayo."

"Basi hatuendi, shangazi?"

"Nani kasema? Tunaenda. Toa lile hema la baba yako."

Ijumaa asubuhi waliteremka bondeni na gari la Yvonne. Julai ilikuwa imeshaanza kuzikausha nyasi za vilimani, lakini chini maji yalikuwa ya buluu, na ngome ilikuwa imepakwa chokaa upya na kutundikwa bendera. Hawakusimama. Walipita mji, wakaenda kama maili moja, hadi mahali ambapo kati ya barabara na ua wa shamba la ngano palikuwa na kipande chembamba cha ardhi, kimejaa mawaridi ya porini.

"Hapa," Clémence alisema.

Zamani palikuwa na nyumba kumi na moja pale. Babu zake Clémence ndio waliobeba mizigo ya manyoya migongoni. Bibi zake, wanawake wa Kikrii, kabila la wenyeji, na binti zao, ndio waliotwanga nyama kavu ya nyati na mafuta ili watu wa ngome wasife njaa. Nyati walipokwisha, na ardhi ikagawiwa wakulima, wao hawakupewa hata shamba moja. Wakajenga kwenye ukanda ambao serikali iliuacha kwa ajili ya barabara, kwa kuwa haukuwa wa mtu. Mwaka wa 1938, Clémence akiwa na miaka tisa, familia zote zilikwenda vilimani wiki nzima kuchimba mizizi ya dawa ya kuuza. Waliporudi walikuta majivu. Halmashauri ilikuwa imeamua kwamba nyumba zile zinachafua wilaya. Mama yake alifukua majivu kwa mikono mpaka akapata cherehani yake, imebaki chuma kitupu, akaibeba mgongoni mpaka kituo cha treni. Hakuna aliyeuliza walikwenda wapi.

Walisimamisha hema, wakawasha moto, wakaanza kukaanga mikate. Kila gari lililokwenda kwenye sherehe lilipaswa kupita mbele yao. Clémence aliandika kwenye kadibodi majina ya familia kumi na moja, akaifunga kwenye nguzo ya ua: Racette, Klyne, Amyotte, na wengine wote.

Saa sita mchana akaja mwenyekiti wa kamati, Bi Maxine Hadfield, akiwa na gauni la mabibi wa enzi ya ngome. Alihangaika sana kushuka kwenye pikapu bila kulichana.

"Bi Racette, tulikuwekea chumba hotelini."

"Ahsante. Chumba changu ni hiki."

"Lakini mkokoteni unakusubiri. Watu watasikitika."

"Mpandishe meya. Ana uso wa kupunga mkono."

Yvonne aligeukia moto ili asionekane akicheka. Bi Hadfield hakucheka. Alisema yaliyopita yamepita, na siku kama hii ni ya kufurahi pamoja.

"Nyinyi mnasherehekea ya miaka mia na ishirini," Clémence alisema, "mimi ya miaka hamsini mnaniambia yamepita. Hebu nifundishe hesabu hiyo."

Jioni ilipokaribia akatumwa polisi, kijana mpole aliyevua kofia kabla ya kusema.

"Mama, hapa hapapigwi hema."

"Ni pa nani?"

"Ni mali ya umma."

"Na mimi ni nani?"

Yule kijana alijikuna shingo, akatazama kadibodi, akatazama kikaango. Alipewa mkate na chai, akala amesimama, akaaga akisema hakukuta mtu wa kukamatwa.

Jumamosi magari yalianza kupunguza mwendo. Wengine waliteremka wakasoma majina kimyakimya. Mwanamke mmoja aligusa jina la Amyotte, akasema ndilo la mama yake, na kwamba nyumbani walikatazwa kulitaja. Alibaki mpaka jua likashuka, akisaidia kukanda unga. Ila mwanamume mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Rudini mlikotoka!"

"Ndiyo tumerudi!" Clémence alimjibu kwa sauti iliyovuka barabara, na watu waliokuwa kwenye foleni ya magari wakaangua kicheko.

Jumapili, kabla ya hotuba za kufunga sherehe, mzee mmoja alikuja kwa miguu kutoka upande wa shamba la ngano. Alijitaja: Ewart Tolley. Clémence alikumbuka jina hilo. Baba yake Tolley alikuwa diwani.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," Tolley alisema. Macho yake yalikuwa chini kwenye nyasi. "Baba aliniambia nibebe mafuta ya taa. Nilibeba. Nyumba ya mwisho ilikuwa na mapazia mekundu. Niliyaona nikamwaga hivyo hivyo."

Clémence alishika kamba ya hema. Mapazia yale alishona mama yake, kwa kitambaa cha gauni lake la harusi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

"Nimekuja kukuomba msamaha," mzee akasema.

"Umekuja kuniomba hapa, nyuma ya hema, tukiwa watatu?" Hakupandisha sauti. "Nyumba zetu hazikuchomwa kwa siri, bwana Tolley. Mji mzima uliona moshi. Nenda kaseme palipo na mji mzima."

"Nina wajukuu pale."

"Na mimi nilikuwa na miaka tisa."

 Tolley akageuka akaanza kutembea kuelekea ngomeni. Clémence aling'oa kadibodi, akamfuata, Yvonne nyuma yake.

Meya alikuwa kwenye jukwaa akisifu ujasiri wa waanzilishi. Tolley alipanda ngazi polepole, na kwa kuwa kila mtu alimheshimu, meya akampa kipaza sauti. Alisema maneno machache, yale yale aliyosema nyasini, pamoja na mapazia. Bi Hadfield alisogea kuchukua kipaza sauti, lakini Clémence alishafika, mkono wake ukawahi. Akasoma majina yote kumi na moja, bila haraka, kila jina na watoto wake. Hakuna aliyepiga makofi. Katikati ya umati yule mwanamke wa Amyotte alisimama, kisha wengine wawili watatu, mpaka safu nzima.

Waliposhuka, Tolley alinyoosha mkono. Clémence aliutazama.

"Huo sitaushika," alisema. "Lakini umesema, na wajukuu zako wamesikia. Hilo nitawaambia wenzangu."

Sherehe ilikwisha jioni hiyo, bendera zikashushwa. Yvonne aliuliza kama waanze kufungasha.

"Tuna haraka gani?" Clémence alisema, akivua viatu. "Tutaondoka siku nitakayotaka mimi."

Walikaa mpaka Jumatano.